Futi Mbili za Mwisho

Kazi ya rubani wa U-2, ndege ya upelelezi, huanza kwa kuvuta pumzi. Ndege iko nje, mafundi wanaizunguka, injini bado baridi. Yeye ameketi ndani ya jengo kwenye kiti cha kuegemea, miguu imenyooshwa, kichwa kimo ndani ya helmeti iliyofungwa shingoni kwa pete ya chuma, na anavuta oksijeni tupu. Hukaa hivyo saa nzima. Karibu sehemu nne kati ya tano za hewa tunayovuta kila siku ni nitrojeni, na kiasi fulani cha nitrojeni hiyo hukaa kimeyeyuka ndani ya damu na mafuta ya mwili bila kumdhuru mtu. Mpandishe haraka mahali ambapo kanieneo ya hewa imepungua sana, nitrojeni hiyo itatoka kwenye damu ikiwa mapovu. Mapovu yakikwama kwenye maungio, kwenye uti wa mgongo au kwenye ubongo, rubani anaweza kulemaa akiwa peke yake angani. Dawa yake ni kuitoa kabla ya kuruka, pumzi kwa pumzi, na hakuna namna ya kuiharakisha. Marubani wengine husinzia.

Kabla ya hapo amevishwa, kwa sababu nguo yenyewe mtu hawezi kuivaa peke yake. Amepimwa joto na shinikizo la damu. Amekula nyama na mayai, chakula kisichoacha makapi mengi tumboni. Amevaa nguo ndefu ya ndani, tena ameigeuza nje ndani ili mishono isimkwaruze, maana mshono usiousikia saa ya kwanza utakutesa saa ya tisa. Ndipo mafundi wawili huleta suti ya manjano, aina ya S1034, kazi ya kampuni ya David Clark ya Worcester, Massachusetts. Uzito wake ni kama kilo 16, na huingiwa kwa mgongoni: miguu kwanza, kisha mikono, halafu kichwa hupenyezwa kwenye pete ya shingo. Yanafuata mabuti, halafu glavu zinazofungwa kwa pete kwenye vifundo vya mikono, na mwisho helmeti. Kila kilichofungwa hukaguliwa tena. Kisha suti hujazwa hewa mpaka ikakamae, na mafundi hutazama geji kuona kama inavuja popote.

Sababu ya uangalifu wote huo ni kimo. Ukifika kilomita 19 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kiasi kwamba maji huchemka kwa joto la mwili wa binadamu. U-2 hufanya kazi juu ya hapo, zaidi ya mita 21,000, kama Kilimanjaro tatu na nusu zilizopandishwa moja juu ya nyingine. Chumba cha rubani kikipoteza hewa huko, suti hujivimbisha yenyewe papo hapo na kumbana mwili wote. Bila suti, hata oksijeni tele isingemwokoa.

Kuanzia mwaka 2004, mmoja wa waliovishwa na kuketi kwenye kiti hicho katika kambi ya Beale, kaskazini mwa California, alikuwa Merryl Tengesdal. Ni mwanamke mweusi wa kwanza kurusha U-2. Alikulia Bronx, jijini New York, mtoto aliyependa hesabu na sayansi, na amesimulia mara nyingi kwamba hamu ya kuruka ilimwingia alipokuwa akitazama mchezo wa televisheni wa Star Trek. Alisomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha New Haven, akamaliza mwaka 1994, na mwaka huo huo akaingia Jeshi la Wanamaji la Marekani kuwa afisa na kujifunza urubani.

Neno "wa kwanza" linataka kuwekwa mahali pake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wanawake zaidi ya 1,000 wa Marekani walirusha ndege za kijeshi ndani ya nchi yao chini ya kikosi cha WASP. Janet Bragg, mwanamke mweusi ambaye tayari alikuwa amejifunza kurusha ndege, aliomba kujiunga akakataliwa kwa ajili ya rangi yake. Mwanamke mweusi wa kwanza kupata beji ya urubani wa Jeshi la Nchi Kavu alikuwa Marcella Hayes, mwaka 1979. Brenda Robinson alimfuata kwa upande wa Wanamaji mwaka 1980, na Theresa Claiborne kwa upande wa Jeshi la Anga mwaka 1982. Milango hiyo haikufunguka yote siku moja, na kila mmoja ulikuwa na bawabu wake. Lakini mimi navutiwa zaidi na kilichotokea baada ya mlango kufunguka, kwa sababu U-2 haijui nani wa kwanza na nani wa mia. Inajua mikono tu.

Mikono ya Tengesdal ilifunzwa kwanza na helikopta. Alirusha SH-60B Seahawk, helikopta ya Wanamaji inayoruka kutoka kwenye manowari na kurejea juu yake. Helikopta haiachiliwi. Mkono wa kulia uko kwenye fimbo iliyo kati ya magoti, inayoamua ielekee wapi. Wa kushoto uko kwenye wenzo wa pembeni, unaoamua ipande au ishuke. Miguu yote miwili iko kwenye kanyagio, ikizuia mkia usizunguke. Ukigusa kimoja, vingine viwili navyo vinadai kurekebishwa. Anayejifunza huhangaika, helikopta ikiyumba huku na huko. Aliyefuzu humwoni akifanya lolote, kwa sababu marekebisho yake ni madogo na huja kabla kosa halijaonekana.

Sasa weka chini yake sitaha ya manowari inayopanda na kushuka na mawimbi. Bahari ikichafuka, Seahawk husimama hewani juu ya sitaha na kushusha uzi mwembamba wa chuma. Mabaharia waliopo chini huunganisha uzi huo na kebo nene, kebo ikavutwa juu mpaka ikajifunga kwenye tumbo la helikopta. Afisa aliyeketi kwenye kibanda kando ya sitaha huikaza kebo na kuzungumza na rubani kwa redio. Rubani hangoji bahari itulie, kwani haitatulia. Hungoja mwanya kati ya wimbi na wimbi, kisha hushuka, na chuma kilicho chini ya helikopta huingia kwenye mtego mdogo ulio sakafuni, nao unafumba. Hivyo ndivyo mtu anavyozoea mapema kutua akiongozwa na sauti ya mwingine, anayeona asichokiona yeye. Zoezi hilo lina faida kubwa huko mbele.

Tengesdal alikuwa pia mwalimu wa marubani kabla ya kuhama kutoka Wanamaji kwenda Jeshi la Anga na kuomba nafasi ya U-2. Ndege hii kwa kawaida haipewi mwanafunzi. Anayeomba kwa kawaida huwa tayari rubani mzoefu, na hata hivyo huitwa Beale kwa usaili wa wiki mbili hivi, ambao ndani yake zimo safari tatu za majaribio. Hupandishwa ndege yenye vyumba viwili vya rubani, cha pili kikiwa kimeinuliwa nyuma ya cha kwanza, na mwalimu huketi humo akipima jambo moja zaidi ya yote: je, mtu huyu anafundishika? Wapo marubani hodari waliotua ndege nyingine mamia ya mara wakashindwa hapa. Aliyepita huanza mafunzo ya miezi kama tisa.

Ugumu unatokana na umbo lenyewe. Clarence "Kelly" Johnson na wahandisi wake wa Lockheed waliichora katika miaka ya 1950, na iliruka mara ya kwanza rasmi tarehe 8 Agosti 1955. Walichotaka ni kimo, wakatoa kafara karibu kila kitu kingine. Mabawa ya U-2 ya leo yana upana wa zaidi ya mita 31 kutoka ncha hadi ncha, ilhali urefu wa ndege yenyewe haufiki mita 20. Ili kupunguza uzito, hakuna miguu ya magurudumu chini ya kila bawa. Ziko seti mbili tu zilizofuatana, kubwa mbele na ndogo mkiani, mpangilio ambao wahandisi huuita wa baiskeli. Usukani hausaidiwi na mashine yoyote: nguvu ya rubani hupita kwenye nyaya hadi kwenye mabawa na mkia. Karibu na ardhi, ambako hewa ni nzito, usukani unataka mabega. Juu kabisa unataka vidole.

Saa ya oksijeni ikiisha, rubani hutoka akitembea polepole, mkononi kabeba kisanduku kinachompa oksijeni na kumpoza, kwa maana suti ile haipitishi joto na mtu anaweza kuloa jasho kabla hajapanda ngazi. Gari humpeleka hadi kwenye ndege. Hapo pana rubani mwingine wa U-2 ambaye amefika mapema na kuikagua badala yake, nje na ndani, swichi kwa swichi, kwa sababu aliyevaa suti hawezi kuinama wala kuchungulia. Mafundi humwingiza kitini, wakamfunga mikanda, wakahamishia mabomba yake ya oksijeni kwenye ndege. Hana la kufanya ila kutulia na kuwaamini.

Kuondoka ni kwa haraka, nami sitakaa sana hapo. Chini ya kila bawa hutundikwa gurudumu la muda lenye mguu mrefu, kuzuia mabawa yasiguse lami. Kabla ya kuondoka, pini zinazoyashikilia huchomolewa. Injini ikinguruma, ndege hukimbia umbali mfupi tu, mabawa hupinda juu yakibeba uzito, magurudumu yale huanguka yenyewe njiani na kuokotwa. Kisha pua huinuka na ndege hupanda kwa mwinuko mkali, kama vile haikuwa na uzito.

Huko juu kazi hubadilika. Hewa ni chache, na ili mabawa yaweze kuibeba ndege ni lazima ikimbie. Lakini ikizidisha mbio kidogo, mtiririko wa hewa juu ya mabawa huvurugika na ndege huanza kutetemeka, na kuendelea hapo ni kuivunja. Kati ya mwendo mdogo unaoiangusha na mwendo mkubwa unaoivunja, kwenye kilele cha kimo chake, nafasi inayobaki inaweza kuwa pungufu ya kilomita 20 kwa saa. Marubani huiita nafasi hiyo pembe ya jeneza. Kuna kifaa kinachoshika mwendo badala ya mkono, na safari nyingi hukitegemea, ila rubani hukitazama bila kukikinai. Kikikataa, atairusha kwa vidole vyake mwenyewe, ndani ya glavu nene, mpaka atakaposhuka.

Safari ya saa tisa au zaidi ni ya kawaida. Chakula ni uji mzito uliotiwa kwenye tyubu ya chuma: nyama, pichi, pudini ya chokoleti. Tyubu hupashwa moto kwenye kitundu kilicho kando ya kiti, ikafungwa mrija mrefu mgumu, nao hupenyezwa kwenye tundu dogo la helmeti. Haja ndogo nayo humalizwa ndani ya suti kwa kifaa maalumu, na kifaa cha mwanamke si kile cha mwanamume. Nje ya dirisha kipo kioo kidogo ambacho rubani hukitumia kutazama nyuma, aone kama ndege inaacha mstari mweupe unaoweza kuifichua. Mbingu juu yake ni nyeusi mchana kweupe, na upeo wa macho umepinda.

Kazi iliyompeleka huko si ya utalii. U-2 hubeba kamera, rada na vinasa mawimbi, na inavyokusanya huwafikia askari walio ardhini. Tengesdal aliirusha katika vita vya Iraki na Afghanistani. Hadi alipostaafu mwaka 2017 akiwa na cheo cha kanali alikuwa na saa zaidi ya 3,400 angani, zikiwemo zaidi ya 330 za vitani. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya vita hivyo, nami ninayo yangu. Picha iliyopigwa kutoka kilomita 21 huishia kwenye uamuzi wa mtu aliye chini, na si kila uamuzi huwa wa haki. Ustadi wa mkono haufuti swali hilo. Swali hilo nalo haliufuti ustadi.

Kushuka nako ni kazi ndefu. Ndege iliyoundwa kuelea haitaki kuja chini hata injini ikipunguzwa kabisa. Rubani hushusha magurudumu mapema, hufungua vibao vya kuzuia upepo, na bado huteremka taratibu. Akifika chini kiasi, hufanya jaribio moja la makusudi: hupunguza mwendo mpaka mabawa yakaribie kuacha kuibeba ndege, aone ni bawa gani linalolala kwanza. Lililolala ndilo zito. Mafuta yamo ndani ya mabawa yote mawili, na baada ya saa tisa hayakutumika sawasawa, basi huyahamisha kwa pampu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, akajaribu tena, mpaka ndege isimame sawa. Amechoka, kiu imemshika, shingo imebanwa na pete, na ndiyo kwanza anaanza kupima uzani. Asipofanya hivyo, bawa zito litamgeukia pale ambapo hana tena nafasi ya kulirekebisha.

Pembeni mwa njia ya kurukia limesimama gari la mbio. Ndani yake yumo rubani wa U-2, mara nyingi yule yule aliyeikagua ndege asubuhi, redio mkononi. Ndege ikimpita juu, hukanyaga mafuta na kuingia nyuma yake, akiifuata kwa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Sababu ni rahisi. Pua ya U-2 ni ndefu, helmeti haigeuki vizuri, na aliye ndani haoni gurudumu lake liko umbali gani kutoka kwenye lami. Anahitaji kuambiwa. Aliye garini huhesabu kwa futi: kumi mwanzoni mwa njia, halafu nane, sita, nne, tatu, mbili.

Kwenye mbili ndipo kazi yote hukusanyika. Futi mbili ni kama sentimita 60, chini ya kimo cha meza. Rubani hatakiwi kuishusha ndege zaidi ya hapo, anatakiwa kuizuia. Huvuta usukani kidogo kidogo, mwendo ukipungua, ndege ikitaka kuzama naye akiikatalia, mpaka mabawa yanapoacha kuibeba kabisa na magurudumu, ya mbele na ya mkiani, yakagusa pamoja. Akiiachilia juu zaidi, itadondoka na kuumia. Akiigusisha ingali na mwendo, itaruka tena juu, na mruko wa pili huwa mbaya kuliko wa kwanza. Upepo wa ubavuni ukiipata hapo, mabawa yale marefu yanaushika wote. Ziko picha za video za kutua huku zilizopigwa kutoka ndani ya gari, na kila ninapozitazama jicho langu huenda kwenye vibao vilivyo nyuma ya mabawa. Havitulii. Vinapanda na kushuka kwa kasi, kushoto, kulia, kushoto, huku ndege yenyewe ikionekana imetulia tuli. Aliyewahi kuisimamisha Seahawk juu ya sitaha anaijua lugha hiyo ya mikono.

Kugusa lami si mwisho. Magurudumu yale ya muda yalishaanguka asubuhi, kwa hiyo rubani huendelea kusawazisha mabawa kwa usukani wakati ndege inapungua mwendo, akiyafanya mabawa yaruke ilhali ndege iko chini, hadi hewa inapokosa nguvu na ncha ya bawa moja kulala kwenye kibao cha titani kilichowekwa kwa kazi hiyo. Mafundi hukimbilia, hulisukuma bawa juu, huchomeka magurudumu, na ndege huondoka njiani kwa mwendo wa kutembea.

Siku nyingine zamu ya gari ni ya yule aliyekuwa angani, na Tengesdal kama marubani wenzake wa kikosi alikuwa pande zote mbili za redio ile. Kazi ya garini haipewi dereva wa kawaida, kwa kuwa ni lazima msomaji wa futi awe ameshawahi kuzisubiri. Namba hutolewa kwa mwendo mmoja, bila kupandisha sauti, hata ndege ikishuka haraka kuliko inavyotakiwa, maana sauti ikipanda mikono ya aliye juu hupanda nayo. Hapo hakuna kusifu wala kukosoa. Kama bawa lilikuwa zito, kama usukani ulivutwa mapema, hayo husubiri mpaka injini izimwe na helmeti ivuliwe, na hapo ndipo wawili hao huketi kuzungumza juu ya kutua kule, futi kwa futi.